UZI: Robert Bolt, aliyeandika habari za mtu aliyegoma kula kiapo, kisha yeye mwenyewe akatia saini

Karani wa Usiku

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna filamu inaanza kwa kamera kutazama chini, kama mtu aliyesimama ghorofani. Jamaa anahangaika na pikipiki yake, anaifutafuta, anaizunguka, na majina ya waliotengeneza filamu yanapita pembeni. Lawrence of Arabia, 1962, habari za Lawrence, ofisa wa Kiingereza vitani jangwani Uarabuni. Nimeiona mara nyingi kuliko ninavyothubutu kumwambia mke wangu. Nakala ya zamani niliyokuwa nayo kwenye kanda, pale pa mwandishi kulikuwa na jina moja tu: Robert Bolt. Nakala niliyoipata juzi ina majina mawili. Mchanga ule ule, ngamia wale wale, mwandishi kaongezeka.

Mimi naandika skripti za tamthilia za runinga, na malipo yenyewe ni ya kufukuzana. Nikiona jina la mwandishi limeongezeka au limepungua mahali, roho inashtuka. Nikaanza kufukua. Niliyoyakuta yamenikosesha usingizi, ndiyo maana naandika saa hizi. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite kimya kimya.

Mama Chanja

Nimetandika mkeka na kahawa ipo. Tiririka kaka.

Kipara Ngoto

Weka vitu mkuu, ila usituache njiani kama ule uzi wako wa treni. Mpaka leo sijui yule konda alifikaje Kigoma.

Karani wa Usiku

Konda tumwache kwanza.

Bolt kazaliwa Agosti 1924 huko Sale, pembeni ya Manchester. Baba mwenye duka la samani na vyombo vya nyumbani, mama mwalimu, nyumba ya Wamethodisti. Shule alisoma nzuri tu, akatoka na matokeo ya aibu, na akiwa na miaka 16 akaingizwa ofisi ya bima kuwa karani. Aliichukia ile kazi kuliko kitu chochote. Shikeni hili la bima, litarudi.

Akiwa kijana akaingia Chama cha Kikomunisti, akatoka miaka michache baada ya vita. Vita vyenyewe vilimpeleka kwanza jeshi la anga, halafu kikosi cha wakoloni cha Afrika Magharibi, akawa Ghana ya leo, enzi hizo ikiitwa Gold Coast. Akarudi, akamaliza shahada ya historia Manchester, akawa mwalimu. Shule yake ya mwanzo ilikuwa ya kijijini huko Devon, na pale ndipo alipoandika mchezo wa Krismasi ili watoto waigize. Wakuu, mtu aliyekuja kubeba Oscar mbili alianzia kwa mchungaji wa miaka saba anayesahau maneno yake mbele ya wazazi.

Baada ya hapo akawa anaandika michezo ya redio kwa BBC huku anafundisha. Ile habari ya Thomas More, yule aliyegoma kula kiapo, kwanza ilikuwa mchezo wa redio, mwaka 1954. Lakini kilichomtoa darasani ni Flowering Cherry, mchezo wa jukwaani wa 1957, London, Ralph Richardson akiwa mbele. Unamhusu nani? Karani wa bima! Mzee mzima anayeota kununua shamba la matunda. Kila siku shamba, shamba, shamba. Mke anapomwambia haya basi, tuuze nyumba tukalinunue, yeye ndiye anayerudi nyuma. Mwaka uliofuata Bolt akaacha ualimu.

Mimi naona ufunguo wake wote uko hapo. Huyu bwana hakuwa fundi wa mashujaa. Alikuwa fundi wa mtu ambaye saa ya kutenda ikifika anatafuta mlango wa uani.

Mzee wa Kokoto

Hapo sikubaliani nawe kijana. Nimesoma seminari miaka ya sabini, na kitabu cha Bolt, A Man for All Seasons, padri wetu alitufundisha mstari kwa mstari. Thomas More hana mlango wa uani. Alikatwa kichwa mwaka 1535 akiwa amesimama wima.

Karani wa Usiku

Shikamoo mzee. Nakuja huko, na naomba usiondoke, nitakuhitaji.

Mzee wa Kokoto

Marahaba. Nipo, mvua inanyesha sina pa kwenda.

Karani wa Usiku

Kwa ambao hawakupita seminari: mfalme Henry VIII wa Uingereza anataka kumwacha mkewe Catherine amwoe Anne Boleyn. Papa anakataa. Mfalme anajifanya yeye ndiye mkuu wa kanisa, na watu wanatakiwa wale kiapo cha kuyakubali yote hayo. More, mwanasheria, aliyewahi kuwa Chansela, waziri mkubwa wa mfalme, anakataa kula kiapo. Ila hapandi jukwaani kupiga kelele. Ananyamaza. Anajua sheria, na anajua kuwa mtu aliyenyamaza ni vigumu kumtia hatiani. Mchezo mzima ni mwanasheria anajificha ndani ya sheria kama ndege ndani ya mti, na wenzake wanakata tawi moja moja.

Ulifunguliwa London tarehe 1 Julai 1960, Paul Scofield akiwa More. Ukaenda New York, ukapigwa zaidi ya mara 600, ukachukua tuzo ya Tony ya mchezo bora mwaka 1962.

Bolt hakuwa Mkatoliki. Kwenye dibaji ya mchezo anasema waziwazi kuwa si Mkatoliki na kwa maana yoyote ya kweli si hata Mkristo. Alichokipenda kwa More ni mtu anayejua mpaka wake uko wapi. Kuna mahali More yuko gerezani na binti yake Margaret anambembeleza ale kiapo kwa mdomo tu, moyoni afikirie vingine. Baba anamwambia mtu akila kiapo amejishika mwenyewe mikononi, kama maji, na akitanua vidole asitegemee kujikuta tena.

Kumbukeni hayo maji.

Dogo Transfoma

Mkuu samahani, kwa hiyo filamu nzima ni mtu kugoma kusaini? Masaa mawili?

Mama Chanja

Dogo wewe hujawahi kuletewa karatasi na mawifi usaini shamba la marehemu. Masaa mawili ni machache.

Mzee wa Kokoto

Niongeze kitu ambacho kijana hajakisema. Kwenye mchezo kuna mtu anaitwa Common Man, sisi tulimwita Mtu wa Kawaida. Mimi ndiye niliyemwigiza, mwaka wa nne. Anakuja jukwaani na kapu la nguo. Anavaa kofia hii anakuwa mtumishi wa nyumbani kwa More, anavua, anavaa nyingine anakuwa mpiga makasia, halafu mwenye kilabu cha pombe, halafu mlinzi wa gereza, halafu anakaa kwenye jopo linalomtia More hatiani, mwishoni ni yeye anayeshika shoka. Wote ni mtu mmoja. Kila mara ana sababu nzuri ya kufanya anachofanya: ana familia, mshahara mdogo, yeye ni mtu wa chini tu.

Kofia zetu zilikuwa za maboksi ya sabuni. Ile ya mlinzi wa gereza ilikuwa kubwa ikanishuka machoni wakati nampokea More gerezani. Ukumbi ukacheka, padri akakasirika. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoona kuwa pale ndipo ilipokaa vizuri zaidi.

Kipara Ngoto

Mzee umemaliza kila kitu. Kofia imeshuka machoni, huoni unayemfunga.

Karani wa Usiku

Ndiyo maana nilikuomba usiondoke mzee. Huyo Mtu wa Kawaida mtakapoangalia filamu ya 1966 hamtamwona. Bolt mwenyewe ndiye aliyeandika skripti na ndiye aliyemkata. Jukwaani mtu akibadilisha kofia mbele yako unaelewa mchezo. Kamera haitaki hivyo, inataka mpiga makasia wa kweli na mto wa kweli. Kwa hiyo zile kazi akazigawa kwa watu mbalimbali, na badala ya maneno ya Mtu wa Kawaida akaweka maji ya Thames yanayotiririka na mashua zinazokwenda na kurudi kati ya nyumba ya More na jumba la mfalme. Kwa anayejifunza kuandika, shika mchezo mkono huu na filamu mkono huu. Ni darasa la bure.

Haya. Sasa tuje Septemba 1961.

Mchezo ulishajaza ukumbi London. Wakati huo huo Bolt ameitwa na Sam Spiegel, mtayarishaji wa Lawrence of Arabia. Mwanzoni ilikuwa ni kunyoosha mazungumzo tu kwenye skripti ya mtu mwingine. Akaishia kuandika karibu yote upya. Filamu ilishaanza kupigwa Jordan tangu Mei, dairekta David Lean yuko jangwani na mamia ya watu, na nusu ya pili ya skripti haijakamilika. Wenzangu mnaoandika mnajua hali hiyo. Kamera inakula, jikoni hakujaiva.

Bolt pia yuko kwenye Kamati ya Watu 100, kundi la kupinga mabomu ya nyuklia pamoja na mwanafalsafa Bertrand Russell. Wanataka kukaa chini katikati ya London, Trafalgar Square. Kabla ya siku yenyewe serikali inawaita mahakamani: tieni saini kuahidi kutovunja amani, mwende nyumbani. Wengi wanakataa. Russell, mzee wa miaka 89, anakwenda ndani wiki moja. Bolt anapewa mwezi.

Mwandishi wa Thomas More yuko jela kwa kukataa kutia saini. Magazeti yangetaka nini zaidi?

Dogo Transfoma

Duh. Hii si chai mkuu?

Karani wa Usiku

Si chai. Sikiliza kilichofuata.

Spiegel anapiga hesabu. Kila siku bila skripti ni pesa. Anakwenda mwenyewe gerezani, anamkalia Bolt kitako. Hoja yake si mbaya hata kidogo, na ndiyo maana inauma. Filamu ikisimama kuna watu watakosa kazi, wapo jangwani kwa ajili yako, wewe unakaa humu kwa fahari yako. Baada ya wiki mbili hivi Bolt anatia saini, anatoka, anakwenda kumaliza skripti.

Alijutia maisha yake yote. Filamu ilipokwisha hakuongea tena na Spiegel.

Msinielewe vibaya, simcheki. Angalia tu alichoambiwa: watu wana familia, watu wanategemea mshahara, wewe ni mtu mdogo kwenye jambo kubwa. Ni maneno ya mtu wa kapu la kofia! Aliyaandika yeye mwenyewe mwaka mmoja kabla, akayaweka mdomoni mwa mtu anayechekesha ukumbi.

Mama Chanja

Nimeacha kahawa ikapoa.

Mzee wa Kokoto

Padri hakutuambia hilo. Au hakulijua. Miaka yote hii nilidhani mwandishi alikuwa mtu wa aina ya More.

Binti wa Makorora

Mimi nina swali jingine. Umesema aliitwa kunyoosha skripti ya mtu mwingine. Huyo mtu mwingine ndiye jina la pili kwenye nakala mpya?

Karani wa Usiku

Dada umenifikisha mahali ambapo sitaki kufika ila lazima.

Anaitwa Michael Wilson, Mmarekani. Alikuwa fundi mkubwa, alishawahi kuchukua Oscar. Mwaka 1951 kamati ya bunge la Marekani inayosaka wakomunisti ikamwita, akakataa kujibu. Akaingizwa kwenye orodha nyeusi, Hollywood ikamfungia milango, akahamia Ufaransa akawa anaandika bila jina. The Bridge on the River Kwai ya 1957 aliandika yeye na Carl Foreman, wote wamefungiwa. Oscar ya skripti akapewa Pierre Boulle, Mfaransa aliyeandika riwaya yenyewe, ambaye hata Kiingereza cha kuandikia skripti hakuwa nacho.

Wilson alifanya kazi ya Lawrence zaidi ya mwaka. Akakwaruzana na Lean, akaondoka. Bolt akaingia. Sasa ukweli wa pande mbili: maneno wanayosema watu kwenye ile filamu kwa sehemu kubwa mno ni ya Bolt, na ule utata wa Lawrence, mtu asiyejua yeye ni nani, ni wa Bolt. Lakini mifupa, matukio gani yawemo na yafuatane vipi, mengi yalikwisha pangwa na Wilson. Wilson aliposikia jina ni moja akalalamika. Chama cha waandishi cha Uingereza kikamsikiliza, kikampa naye tuzo yao kwa kazi hiyo. Kwenye filamu jina halikubadilika.

Na Bolt hakushika bango kumtetea. Msimamo wake ulikuwa kwamba maneno ni yangu.

Hapo ndipo nilipokosa usingizi. Aliyekuwa mkomunisti anabaki na jina peke yake, wakati mwenzake alifungiwa kwa kugoma mbele ya kamati na hakutia saini popote.

Kipara Ngoto

Mkuu sasa hapo unamwonea. Mwandishi haandiki orodha ya majina, hiyo ni kazi ya prodyuza.

Karani wa Usiku

Ni kweli. Ila niliwahi kuandika vipindi 26 vya tamthilia fulani, jina siitaji. Mwenzangu alianza vipindi vinne vya mwanzo, akaugua, mimi nikaendelea. Prodyuza akaniletea mkataba jina langu liko peke yake. Nilisoma, nikaona, nikamwaga wino. Yule mwenzangu mpaka leo tukikutana ananisalimia vizuri, na hiyo ndiyo inayonitesa.

Binti wa Makorora

Pole kaka. Sasa nimeelewa kwa nini umeandika saa nane usiku.

Dogo Transfoma

Turudi kwa Bolt kabla watu hawajalia. Oscar mbili alipata wapi?

Karani wa Usiku

Lawrence ilibeba Oscar saba, ya skripti ikamkosa. Halafu Doctor Zhivago, 1965, riwaya ya Pasternak iliyopigwa marufuku Urusi. Waliipiga sehemu kubwa Hispania, Moscow imejengwa karibu na Madrid. Oscar ya kwanza. Mimi binafsi hainisisimui sana, ni nzuri kama kalenda. Mwaka uliofuata A Man for All Seasons, filamu ya Fred Zinnemann, Oscar sita, mojawapo ya Bolt. Miaka miwili mfululizo.

Muitafute mtazame John Hurt, kijana mbichi kabisa, akiwa Richard Rich. Rich ni kijana msomi anayetafuta cheo. Mwanzoni More anamwambia nenda kafundishe, utakuwa mwalimu mzuri. Yeye hataki, nani atajua kuwa nimekuwa mwalimu mzuri? Mwishoni anasimama mahakamani na nguo mpya, anasema uongo chini ya kiapo, na More anaona mkufu wa cheo shingoni mwake. Ni wa nini huo? Amefanywa mwanasheria mkuu wa Wales. More anamtazama kwa huruma: mtu kuuza roho yake apate dunia nzima ni hasara, sembuse Wales!

Mwandishi wa mstari huo alikuwa mwalimu aliyeacha ualimu. Mimi siwezi kuacha kuliwaza hilo.

Baada ya hapo kazi ikapanda na kushuka. Ryan's Daughter, 1970, Ireland, wachambuzi waliichana mpaka Lean akakaa miaka 14 bila kutoa filamu nyingine ya kuigiza. Lady Caroline Lamb, 1972, Bolt akaongoza mwenyewe, mkewe Sarah Miles ndiye nyota. Haikwenda mbali. Na ndoa yao ikavunjika.

Mama Chanja

Huyo mke ndiyo yule wa Ryan's Daughter?

Karani wa Usiku

Huyo huyo mama. Subiri.

Mwaka 1979 Bolt akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia wa mwili ukagoma na maneno yakaondoka. Mtu ambaye Spiegel alimtoa jela kwa sababu ya maneno yake, sasa hawezi kuomba maji. Akajifunza kusema upya, polepole. Sarah Miles akarudi kumuuguza, na mwaka 1988 wakaoana mara ya pili.

Na bado akawa anaandika. The Mission ikatoka 1986, mapadri Wajesuiti na Waguarani, wenyeji wa Amerika Kusini, ikachukua Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes. Skripti yenyewe ilikuwa imekaa miaka kwenye droo. Mapadri wawili mbele ya amri ya kuwaacha watu wao, mmoja anashika upanga, mwingine anashika monstransi, kile chombo cha kubebea Ekaristi, anatembea kuelekea bunduki. Tena ni swali lile lile la karatasi ya mfalme. Na mwaka 1991 akaandika filamu ya runinga kuhusu James Brady, msemaji wa rais Reagan wa Marekani aliyepigwa risasi ya kichwa 1981 akabaki anahangaika kutembea na kusema. Nani mwingine angeweza kuiandika hiyo?

Mzee wa Kokoto

Alikufa lini?

Karani wa Usiku

Februari 1995, ana miaka 70. Mwaka huo huo, miezi baadaye, Marekani wakarudisha jina la Wilson kwenye Lawrence of Arabia. Wilson mwenyewe alishakufa tangu 1978. Kwa hiyo siku majina yale mawili yalipokaa pamoja kwenye skrini, pembeni ya ile pikipiki, hakuna hata mmoja wao aliyekuwepo kuyaona.

Binti wa Makorora

Kaka, yule mwenzako wa vipindi vinne bado yupo hai?

Karani wa Usiku

Yupo. Anaishi Mbagala.

Binti wa Makorora

Nimeuliza tu.

Kipara Ngoto

Mimi swali langu ni moja kwa wote. Uko jela, prodyuza yuko mlangoni, watu mia kadhaa jangwani wanakusubiri. Bolt alikaa wiki mbili. Wewe ungesaini siku ya ngapi?

Mama Chanja

Ningeuliza kwanza kama anayo kalamu.

Mzee wa Kokoto

Mimi ni mlinzi wa gereza, nina kofia yangu. Msiniulize.

Karani wa Usiku

Siku ya tatu. Ya nne kama chakula si kibaya.